Mwalimu wa Antena Kumi na Sita

Siku Mwalimu alipooa, kule Uvira, tulikuwa watu hawa. Mimi Mama Bahati, niliyepakana ukuta na wazazi wa bibi harusi. Riziki, binti wa shangazi yangu, ambaye leo nasali naye kanisa moja mjini Saint Paul. Mzee Kashindi, baba wa bibi harusi, na mkewe Mama Nyota. Pasta Elia aliyefungisha ndoa, na mdogo wake Amosi aliyepiga gitaa lililokatika uzi mmoja. Mateso fundi baiskeli, rafiki wa Mwalimu tangu utoto, ndiye aliyemsimamia. Bibi harusi mwenyewe, Vumilia. Na msichana aliyemsimamia Vumilia, aliyemshikia maua mbele ya watu. Huyo nitamtaja mwishoni, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo mwandiko wangu ni wa kupapasa. Neema, mjukuu wangu, ndiye anayeunyoosha kwenye kompyuta. Lakini majina hayanipotei. Nikikutana na mtu mara moja, yeye na mama yake na aliyemleta kwa gari siku hiyo, wote wanaingia kichwani na hawatoki. Jina la Mwalimu ninalo pia. Aliniomba nisiliandike.

“Mama Bahati,” alisema, “jina langu limeshaandikwa kwenye makaratasi mengi mno, na halijanisaidia. Wewe niite Mwalimu tu.”

Basi ni Mwalimu.

Kule Uvira alifundisha fizikia. Huku Amerika tulikutana tena katika jengo moja la mtaa wa Frogtown, hatua chache kutoka University Avenue. Mimi nilikaa ghorofa ya pili na mwanangu Bahati, mkewe, na Neema akiwa bado mdogo. Mwalimu alikaa chini kabisa, chumba ambacho dirisha lake lilikuwa usawa wa majani. Theluji ikianguka dirisha linazibwa, naye anabaki ndani na mwanga wa kompyuta yake, kama mtu aliyefungiwa kwenye friji.

Alikuwa mtu wa pasi. Hata kwenda kutupa taka alivaa shati lililonyooshwa, na kola yake ungeweza kukatia mkate. Chai alikunywa bila sukari. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa, nikamwonea huruma, nikawa namtengea kikombe chake. Kumbe sukari aliiacha kwa hiari yake. “Sukari ataiweka Vumilia,” alisema, akabadilisha mazungumzo.

Na alikuwa na neno lake moja, tulilichukua sote jengo zima. Ukimuuliza, Mwalimu, vipi kazi? Anajibu: “Bado inahesabu.” Mwalimu, mguu umepona? “Bado inahesabu.” Neno hilo lilitoka kazini kwake. Huko kompyuta ikipewa swali kubwa inachukua saa nyingi, wakati mwingine siku nzima, na binadamu hana la kufanya ila kusubiri. Neema alikuwa akiulizwa kama amemaliza kuosha vyombo anajibu vivyo hivyo.

Hiyo kazi ilikuwa mji wa jirani, Eden Prairie, kwenye kampuni inayotengeneza antena. Aliingia pale kama msafishaji. Jioni moja akakuta kioo cha kompyuta kimeachwa wazi, kina picha nyekundu na njano na bluu, akasimama na fagio lake akiitazama mpaka mwenye meza akarudi. Mtu mwingine angeomba radhi na kuondoka. Yeye akauliza kwa nini pale katikati ni pekundu. Mwenye meza akamweleza. Kesho yake akarudi na swali lingine, moja tu, na kesho kutwa lingine. Aliniambia alijiwekea sheria: swali moja kwa siku, wasije wakamchoka. Baadaye akaingia chuo cha jioni, akasoma miaka, na kampuni ileile ikamchukua akae mezani, achore yeye hizo antena.

Mimi na Riziki tulitaka kujua anachora nini hasa. Jumapili moja alitwaa karanga mbichi kwenye bakuli langu, akazipanga mezani mistari minne, nne nne.

“Hizi ni antena kumi na sita. Moja ikiwa peke yake inapiga kelele kila upande, kama mtoto. Sasa zote zikisema neno lilelile, ila kila moja ikachelewa kidogo, kidogo sana, nyuma ya mwenzake, sauti inainama. Inakwenda upande mmoja, mbali, na hakuna aliyeisukuma.”

“Na nani anaziambia zichelewe?” Riziki akauliza.

“Mimi. Kwanza ndani ya kompyuta. Tunajenga za uongo, zikitii ndipo tunajenga za kweli.”

“Yaani wanakulipa ili uwacheleweshe wenzio?”

“Ndiyo, shemeji. Na wananilipa vizuri.”

Akatuonyesha picha kwenye kompyuta yake ndogo. Riziki akainama, akatazama. “Hicho ni kiazi kitamu.”

Na kweli kilikuwa kiazi, kimoja kikubwa kimelala upande, na vingine vidogo vidogo vimeota pembeni. Mwalimu hakucheka. Alisema kile kikubwa ndiko sauti inakokwenda, na vile vidogo ni sauti inayopotea, na kazi yake ni kukikuza kikubwa na kuvifinya vidogo. Riziki akasema, “Basi umesoma miaka yote hiyo ukawa mkulima.” Hapo ndipo alipocheka.

Msidhani alikuwa mpole siku zote. Neema alikuwa anaelewa Kiswahili chote, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza, na jambo hilo lilimpandisha Mwalimu hasira. “Mimi nakusemesha lugha ya bibi yako, wewe unanijibu lugha ya bosi wangu!” Lakini yeye mwenyewe akikasirika sana alikuwa anafoka kwa Kifaransa. Neema alilijua hilo, akawa anamchokoza makusudi ili akisikie. Tena, fundi wa antena, lakini chumbani kwake simu haikushika mtandao hata siku moja. Ilimbidi atoke nje, asimame kando ya mapipa ya taka, ndipo aongee na mkewe.

Kila Jumamosi asubuhi, ambapo kule kwao ni alasiri. Tulimwona kutoka dirishani, koti la kijivu, mkono mmoja umetoka kwenye glavu umeshika simu, anazunguka zunguka kwenye barafu. Vumilia naye alikuwa anapanda mlima kutafuta mtandao, nyuma ya shule, juu ya jiwe. Watu wawili, kila mmoja amesimama mahali asipotaka, na bado sauti inakatika. Akirudi ndani nilikuwa namuuliza amesemaje. “Nimesikia nusu,” anajibu. “Nusu nyingine nimejaza mwenyewe.”

Sasa niseme kwa nini Vumilia hakuwa huku.

Vita vilipowatenganisha, Mwalimu alikimbilia kambi ya wakimbizi peke yake. Watu aliowaamini walimwambia kundi alilokimbia nalo Vumilia halikufika popote. Alikaa mwaka na nusu, hakuna habari. Siku ya kuandikishwa foleni ilikuwa ndefu na jua kali, karani hakuinua hata macho. “Familia yako mko wangapi?” Mwalimu akajibu: “Mmoja.” Basi. Neno moja. Mwaka uliofuata Vumilia akapatikana yuko hai, milimani, kwa kaka yake. Lakini faili lilikuwa limeshaanza safari na lile neno ndani yake, na aliogopa kuligusa lisije likamrudisha nyuma. Alifika Minnesota akiwa mtu mmoja kwenye karatasi. Alipoomba mkewe aletwe, wakamuuliza: mke gani?

Yeye mtu wa kupima kila kitu mara tatu, katika maisha yake nilimjua akifanya haraka mara mbili tu. Ya kwanza ni hiyo. Ya pili ilikuwa kazini, na tulikuwepo alipoigundua.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi. Majani mabichi ya muhogo yalikuwa yamefika kwenye soko la Wahmong, wakimbizi wa kutoka Asia, nasi tukatoa kinu uani, kile alichochonga Bahati kutoka kwenye mti ulioangushwa na dhoruba. Sombe, yaani kisamvu, ya kwenye friza inasagwa kwa mashine, haina maisha. Mimi na Riziki tulikuwa tunatwanga. Mama Mai wa ghorofa ya kwanza, Mhmong, akatoka na mchi wake mwenyewe, mfupi, wa kwao, akaingia wa tatu bila kuuliza. Hatukuwa na lugha moja sisi na yeye, lakini kwenye kinu alikuwa hakosei.

Mwalimu alikuwa kando ya mapipa, ameshamaliza simu yake. Uso ulikuwa umemshuka. Nikadhani ni Vumilia. Kumbe siku hiyo ilikuwa zile antena. Alisema kompyuta ilimwonyesha kiazi kizuri, zikajengwa za kweli, zikapelekwa kwenye chumba chenye sponji ukuta mzima kupimwa, na kiazi kikatoka kimepinda, kimejaa vidogo kila upande. Wiki tatu anatafuta kosa.

“Mlianza wawili,” akasema ghafla. “Mama Mai alipoingia mmebadilisha.”

“Tumebadilisha nini?” nikasema.

“Mikono. Wewe ulikuwa unainua hadi juu ya kichwa.”

Riziki hakuacha kutwanga. “Nikiwa peke yangu nainua mpaka mbinguni. Huyu akiingia nikiinua vile nitampasua paji la uso. Kila mtu anatwanga kwa kumtazama mwenzake. Wewe hukuwa na mama?”

“Na wa pembeni?”

“Kinu ni cha duara, pembeni ni wapi? Mwalimu, njoo utwange, acha maswali.”

“Wanaume hawatwangi,” akasema, hata hakufikiri. Kisha akashika kichwa. “Mimi nimechora antena moja. Moja tu! Nikaipima ikiwa peke yake, nikaridhika, nikainakili mara kumi na sita. Kwa sababu zote kumi na sita pamoja kompyuta ingekaa siku mbili inahesabu, nami nilitaka nimalize Ijumaa.”

“Ukadhani zikikaa pamoja zitakuwa zilezile,” nikasema.

“Nilikuwa najua hazitakuwa. Nimelifundisha jambo hilo! Nilijiandikia moja, Mama Bahati. Tena.”

Aliingia kwenye gari akaenda Eden Prairie vile vile, na kandambili miguuni. Yule mtu wa pasi! Jumatatu nyingine alirudi na keki aliyopewa kazini, akatukatia sote, yeye hakula. Alichora zote kumi na sita kwa pamoja, akaiacha kompyuta ihesabu siku zake mbili, akakuta zile za pembeni, zenye jirani upande mmoja tu, zinatakiwa zilishwe umeme tofauti na za katikati. Kiazi kikanyooka. Kipande cha Mama Mai alikipeleka mwenyewe mlangoni, kwa mikono miwili.

Baada ya hapo alianza kazi nyingine, ya kwake. Alikuwa na programu ndogo ya kuchorea, ile wanayopewa wanafunzi, inakubali antena nne, ya tano inakataa. “Nne zinanitosha,” alisema. Majira yote ya baridi alichora antena nne za kumpelekea Vumilia, za kukaa juu ya paa na kuelekea mnara ulio bondeni, ili asipande tena mlimani. Alizichora zote pamoja. Alizijenga mwenyewe, vipande vinne vya shaba juu ya ubao, na waya mrefu wa kuingia ndani kwenye kisanduku cha simu. Pasta Byamungu wa kanisa letu alikuwa anasafiri kwenda nyumbani kuzika mama yake, akazibeba kwenye sanduku katikati ya mashati.

Tukasubiri. Jumamosi ya kwanza, sauti ileile, inakatika. Ya pili hivyo hivyo. Mwalimu akafungua kompyuta akaanza kutafuta kosa upya, akakonda. Ya nne ndipo alipomuuliza Vumilia: “Umeielekeza wapi hasa?” Vumilia akajibu iko sebuleni, juu ya kabati, ameishonea kitambaa cha kroshia, na kila anayeingia anaisifu. Kitu kizuri namna ile kimetoka Amerika, akiweke nje kinyeshewe?

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji. Mimi ndiye niliyeshuka kumwinua, nikaona analia.

Ilipopandishwa juu ya paa, sauti ikaja nzima. Tuliisikia kutoka kwenye simu yake mpaka kwetu dirishani, Vumilia anamkaripia kuku.

Sasa nifike penye uzito. Wakili aliyemsaidia Mwalimu, mwanamke mpole, alisema ndoa isiyo na cheti inahitaji mashahidi. Cheti kilikuwa kimeungua pamoja na kanisa. Anahitajika mtu aliyekuwepo, anayekumbuka. Jengo zima likanitazama mimi. Nilikaa mbele ya wakili, Neema akitafsiri, nikamwaga majina bila kusita: nani alikaa wapi, nani alipika, nani aliimba. Wakili aliacha kuandika akanitazama tu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Msimamizi wa bibi harusi nilisema ni Zawadi, mdogo wangu. Gauni lake la kijani nililishona mimi kwa mikono yangu.

Miaka ikapita, bado inahesabu. Bahati akanunua nyumba nje ya mji, Woodbury, nami nikahamia huko. Nyumba nzuri, zulia mpaka ngazini, na iko mwisho wa barabara. Kushoto kuna jirani, kulia kuna majani tu. Hakuna anayegonga mlango kuomba chumvi. Kinu kiko gereji. Nikikitwanga peke yangu naona kama nagonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Mwalimu alikuja kuniona huko mara moja, mwezi wa kumi, majani ya miti yameshadondoka. Shati limenyooshwa. Nikamwekea chai, sukari sikuitoa kabatini. Akatazama dirisha la kushoto, la kulia, akasema, “Mama Bahati, na wewe wamekuweka pembeni.”

“Faili vipi?” nikamuuliza.

Alikunywa kwanza. “Imemaliza.”

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Nikafurahi, nikainua mikono. Akatikisa kichwa.

“Wamekataa. Hawaamini kwamba tulioana.”

“Kwa nini, na majina yote nimewapa?”

Hakutaka kusema. Nilimshikilia mkono nikamwambia hatatoka nyumbani kwangu. Ndipo akasema, taratibu, kama anamfundisha mtoto. Vumilia alipoitwa mjini kuhojiwa, aliulizwa nani alimsimamia. Alisema Nabintu.

“Ni Zawadi!” nikasema.

“Zawadi aliamka na homa. Alitapika alfajiri yote. Wakamvalisha Nabintu gauni lake, kwa sababu walikuwa na umbo moja. Wewe ulikuwa nyumbani unatwanga sombe ya wageni, Mama. Wewe na Riziki.”

Niliona lile gauni likipita mbali, katikati ya watu, wanatoka kanisani. Mimi nilikuwa nimeshika mchi. Nikajiambia, Zawadi huyo. Uso sikuuona. Miaka yote nimemweka Zawadi pale kwa sababu ndiye aliyepangwa. Na Zawadi ameshakufa, wa kumuuliza hakuna.

“Karatasi mbili, majina mawili, na yako sikuisoma kabla haijapelekwa,” Mwalimu akasema. “Wakaona mmoja wetu anadanganya.”

“Nipeleke kwa wakili. Niseme nilikosea.”

“Nimeshamuuliza. Tunaanza upya, kutoka mwanzo. Vumilia ana miaka hamsini na tano.” Akageuza kikombe kwenye kisahani. “Usilie. Mimi nilinakili antena moja mara kumi na sita, sikupima. Nawe ulimwandika aliyepangwa. Ni kosa moja, tumegawana.”

Akatoa tiketi kwenye mfuko wa shati. Anarudi. Kazi ameiacha, chumba amekirudisha, pasi ameniletea mimi. Nikamuuliza atafanya nini kule. Akasema shule ile iliyo chini ya jiwe la Vumilia haina mwalimu wa fizikia. Mlangoni nilimwambia anisamehe. Akanijibu kwamba asingekuwa na ushahidi wangu, asingesubiri miaka yote ile na moyo mweupe. Sijui kama alinifariji au alinihukumu. Bado naligeuza neno hilo.

Simu ililia Jumamosi moja asubuhi, baridi imerudi. Sauti ya mwanamke, safi kabisa.

“Mama Bahati, ni Vumilia.”

Sikuwa nimezungumza naye tangu Uvira. Nikasema jina lake, la mama yake, la baba yake, nikakwama.

“Mwalimu anataka uhesabu,” akasema. “Naweka simu chini. Sikiliza.”

Nikasikia kinu. Michi inapishana, puu, puu, na mwingine unaingia nyuma. Nilifumba macho pale Woodbury, kwenye zulia la Bahati. Kisha akarudi, anahema.

“Tuko wangapi?”

“Watatu. Wewe ndiye mwenye haraka. Wa pili ni mzoefu, anapumua kila baada ya kumi.”

“Huyo ni Nabintu. Anakusalimu.”

“Mwambie…” nikasema, lakini sikumaliza. “Na wa tatu hajui kazi. Anachelewa, anagonga ukingo. Mtoto wa nani huyo?”

Vumilia akacheka mpaka sauti ikapasuka. “Si ndiye aliyekuwa analipwa huko kwa kuchelewesha wenzake?”

Nyuma yake nikamsikia mtu akifoka kwa Kifaransa kwamba mchi ni mzito.

“Na chai yake, mwanangu?”

“Vijiko vitatu, Mama. Anamaliza sukari ya nyumba.”

Basi naandika upya, ipimwe. Aliyemsimamia Vumilia siku ile ni Nabintu, binti wa kaka yake Mama Nyota, akiwa ndani ya gauni la kijani la mdogo wangu Zawadi, aliyelala na homa. Wengine niliowataja juu naamini walikuwepo, lakini hata Zawadi niliamini alikuwepo. Kama wewe unayesoma ulikuwa Uvira siku hiyo, au mama yako alikuwepo akakusimulia, na ukaona nimemkalisha mtu mahali ambapo hakukaa, niambie. Usinistahi kwa sababu ya uzee wangu. Safari hii niambie mapema.